Msaidizi wa akili bandia katika hadwea ya Nairobi: analipa, ila bosi asitoke kaunta

Kinachopimwa hapa ni toleo la kulipia la programu za mazungumzo za akili bandia, zile za jamii ya ChatGPT, Gemini na Claude, likitumiwa na hadwea, yaani duka la vifaa vya ujenzi, ya kawaida ya Nairobi: mwenye duka mmoja, vijana wawili watatu wa mauzo, dereva wa pikapu, na simu ya WhatsApp isiyonyamaza. Gharama ni takribani dola 20 kwa mwezi, yaani shilingi 2,600 hivi. Kwa kazi ya karani, pesa hiyo inarudi mapema. Kwa kazi ya meneja, programu haifai hata ingetolewa bure, na wanaopata hasara ni wale wanaozichanganya kazi hizo mbili.

Tuanze na kotesheni, yaani orodha ya bei anayopewa mteja kabla ya kununua, kwa sababu hapo ndipo inapong'aa. Mteja anatuma picha ya orodha aliyoandikiwa na fundi. Programu inaisoma, inapanga vitu kwa mistari, na ukiipa orodha yako ya bei inajumlisha yote kabla mteja hajafunga simu. Kazi iliyokuwa ikimchukua kijana nusu saa sasa ni ya dakika tano, ukihesabu na ukaguzi. Ukaguzi huo usirukwe. Mwandiko wa fundi si chapa, na 30 ikisomwa 28 kwenye geji ya mabati, bati linakuwa nene zaidi na bei inapanda. Mteja anaenda duka la jirani bila kukwambia kwa nini.

Kosa baya zaidi liko kwenye hesabu za vifaa. Chukua slabu ya mita 4 kwa 3, unene wa sentimita 10. Zege ni mita za ujazo 1.2. Mchanganyiko wa 1:2:4 (simiti, mchanga, kokoto) ukiwa mkavu unachukua nafasi kubwa kuliko zege lililokwisha kushindiliwa, kwa hiyo huzidishwa kwa 1.54 na kufika 1.85. Gawa kwa 7, jumla ya sehemu hizo, upate sehemu ya simiti, 0.264, kisha zidisha kwa kilo 1,440, uzito wa mita moja ya ujazo ya simiti. Jibu ni kilo 380, yaani mifuko 8 ya kilo 50. Programu ikiruka ile 1.54, inaleta mifuko 5. Mifuko 3 inapungua saa nane mchana, vibarua wakiwa wamesimama na zege limeanza kukauka. Likiendelezwa kesho yake linaacha mshono, na mshono huo ndio njia ya ufa na maji. Tena programu haisitisiti: jibu bovu linakuja kwa sauti ile ile ya jibu zuri. Dawa yake ni kuitaka ioneshe kila hatua, si jibu peke yake, na mtu anayejua simiti azipitie hatua hizo kwa kalamu.

Hata hesabu ikiwa sahihi, kuna swali ambalo muuzaji mzoefu huuliza kabla ya kutaja bei: hiyo slabu ni ya chini au ya ghorofa? Ya ghorofa inahitaji chuma kilichopimwa na mhandisi, si simiti tu. Programu hujibu ulichouliza. Mwenye duka hujibu ulichopaswa kuuliza, na wateja hurudi kwa ajili ya hilo.

Kwenye WhatsApp, usikimbilie kuunganisha roboti. WhatsApp Business ni ya bure na ina majibu ya haraka, katalogi ya bidhaa na ujumbe wa nje ya saa za kazi. Maswali mengi ya "mko wapi" na "mnafungua saa ngapi" yanaishia hapo. Akili bandia itumike kuandaa rasimu za majibu marefu, mtu azitume. Kiswahili sanifu inakimudu vizuri, Sheng inayobadilika kutoka mtaa hadi mtaa inaiteleza, na mteja wa Nairobi akiuliza "last ni ngapi?" anataka kujadiliana, hatafuti taarifa. Roboti iliyoachiwa uhuru inaweza kukubali punguzo ambalo duka haliliwezi. Na usidhani utaikana kesho yake. Februari 2024 baraza la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe fidia abiria aliyepewa na roboti ya tovuti maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli nafuu ya wafiwa. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inawajibika yenyewe. Baraza lilikataa: maneno ya roboti ni maneno ya kampuni. Uamuzi huo haufungi mahakama za Kenya, lakini mteja aliyesimama kaunta akiwa na ujumbe wenye jina la duka lako hahitaji hakimu kumwambia nani alimwahidi.

Malipo programu isiyaguse kabisa. Picha ya ujumbe wa M-Pesa si pesa, na programu inayosoma picha vizuri itasoma vizuri pia ujumbe wa kughushi. Mzigo utoke baada ya mtu kuona pesa imeingia kwenye akaunti yenyewe ya Lipa na M-Pesa.

Mishahara ni mtihani mzuri wa programu yoyote, kwa kuwa sheria zilibadilika haraka na maandishi mengi ya zamani bado yamejaa mtandaoni. Ipe mshahara wa 40,000 uone. Kwa kanuni zilizofuata mabadiliko ya Desemba 2024, NSSF, akiba ya uzeeni, ni 2,400, SHIF, bima ya afya, ya asilimia 2.75 ni 1,100, na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni 600. Zote tatu zinatolewa kabla ya ushuru, kwa hiyo kinachotozwa ni 35,900. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400. 8,333 zinazofuata kwa asilimia 25 ni 2,083.25, 3,567 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 1,070.10. Jumla 5,553.35, toa afueni ya ushuru ya 2,400, PAYE, yaani ushuru wa mshahara, inabaki 3,153.35. Mfanyakazi anaenda nyumbani na 32,746.65.

Makosa ya kutafuta ni mawili. La kwanza ni programu kukata NHIF ya 1,000, mfuko ambao SHIF iliurithi Oktoba 2024. La pili ni gumu kuliona: inataja SHIF na tozo ya nyumba kwa usahihi, lakini inazitoa baada ya ushuru. Hapo PAYE inapanda hadi 3,663.35, na mfanyakazi anapunjwa 510 kila mwezi, 6,120 kwa mwaka, bila yeyote kukusudia. Akija kulalamika hatalalamikia programu, na ni haki yake. Viwango hivyo vithibitishwe na mhasibu kila bajeti ikipita, na PAYE iwasilishwe KRA, mamlaka ya ushuru, kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sasa daftari linaongea, na ndiyo maana kishawishi cha kuliachia uamuzi ni kikubwa, hasa kwenye mkopo. Ukiipa programu rekodi za fundi anayechukua bidhaa na kulipa baadaye, itaona mtu aliyechelewa mara nne kati ya sita na kushauri asikopeshwe. Rekodi haisemi kwamba yeye hulipa pindi anapolipwa na mwenye nyumba anayemjengea, kwamba hajawahi kudhulumu, na kwamba Januari kila mtu yuko kwenye karo. Kinyume chake pia hutokea: aliyelipa vizuri miezi mitatu anaandaa oda kubwa ya kutoroka nayo. Mwenye duka anayewajua watu wake ana taarifa ambayo haijawahi kuandikwa popote. Tena, kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mtambo peke yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Na majina, nambari za vitambulisho na za simu yaondolewe kabla ya kupakia chochote. "Mteja A" inatosha.

Kumfuta mtu kazi ndipo ubora wa programu unapogeuka hatari. Itakuandikia barua ya kuachisha kazi yenye lugha safi mno, na usafi huo unamfanya bosi adhani ameshamaliza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka kwanza mfanyakazi aelezwe kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, kisha asikilizwe. Kusikilizwa ni mtu kukaa mbele ya mtu. Barua iliyoandikwa kabla ya kikao hicho ni ushahidi dhidi yako kwamba ulikuwa umeshaamua. Na kama nia ni kupunguza watu kwa sababu programu imechukua kazi zao, hilo ni jambo la kifungu cha 40: notisi ya mwezi mmoja au zaidi, afisa wa kazi ajulishwe kwa maandishi, na malipo ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika, aliyekaa miaka 6 analipwa siku 90. Kabla ya kufika huko, itazame Klarna, kampuni ya malipo ya Uswidi. Mwaka 2024 ilitangaza kwamba msaidizi wake wa akili bandia anafanya kazi ya wahudumu 700. Mwaka 2025 mkuu wake, Sebastian Siemiatkowski, alirudi kuzungumzia kuajiri binadamu kwa sababu ubora wa huduma ulikuwa umeshuka.

Ukiamua kulipia, mwezi wa kwanza itumie kwa kotesheni tu. Zima kwanza mpangilio unaoruhusu mazungumzo yako kutumiwa kufunza mfumo. Kila kotesheni iandikwe chini jina la mtu aliyeikagua, si jina la duka pekee. Kila Jumamosi jioni chukua kumi, zihesabu upya kwa mkono, na uandike makosa kwa aina: mwandiko, bei ya zamani, kipimo. Kotesheni isiyo na jina isitoke.