Kufungua shauri kwa mtandao ukiwa Kigoma: uzoefu wangu na mfumo wa e-CMS

Nautumia mfumo wa e-CMS wa Mahakama ya Tanzania, yaani mfumo wa kufungua na kusimamia mashauri kwa mtandao, kwa mashauri ya Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Kigoma, na ya mahakama za wilaya. Kabla yake nilitumia mfumo wa zamani wa Mahakama, ule wa JSDS. Kwa mtu wa huku kwetu huduma hii naipa alama za juu. Kabla Kigoma haijapata masjala yake ya Mahakama Kuu, rufaa ya mtu wa Kasulu au Kibondo ilimaanisha safari ya Tabora na karatasi mkobani, na hati ikikutwa na kasoro unarudi nayo ulikotoka. Sasa hati ikishasainiwa na kuapwa, inaweza kufika masjala jioni ileile bila mtu kupanda treni.

Ila anayeanza kuutumia ajue mapema kwamba wanaopitwa na muda kwa kawaida hawakwami kwenye kupakia faili. Wanakwama katikati ya kuwasilisha na kulipa.

Mtiririko wenyewe ni huu. Unajaza taarifa za wadaawa (pande za shauri), unapakia hati, unawasilisha. Masjala inakagua. Ikiridhika, bili inatoka na namba ya malipo, ile inayoanza na 99. Ukilipa, shauri linapata namba yake. Kanuni za Ufunguaji wa Mashauri kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Na. 148, zinasema hati iliyowasilishwa kabla ya saa sita usiku huhesabiwa kuwa imefunguliwa siku hiyo, isipokuwa ikikataliwa. Wengi wanasoma hapo, wanaishia hapo. Lakini tangu mwaka 1992 upo uamuzi wa Mahakama ya Rufani kwamba tarehe ya kufungua shauri ni tarehe ya kulipa ada, na pingamizi za awali (za kutaka shauri litupwe kabla ya kusikilizwa) zinazojengwa juu ya hoja hiyo hazijaisha. Chukua hati iliyowasilishwa Ijumaa saa tano usiku, siku ya mwisho. Hakuna wa kuikagua mpaka Jumatatu. Bili ikitoka Jumatatu mchana, risiti yako inasoma Jumatatu, na wakili wa upande wa pili ameshaiona. Ikikataliwa kwa kasoro ndogo tu, hata ile kinga ya saa sita usiku huna tena.

Kwa hiyo mimi nahesabu siku tano za kazi kurudi nyuma kutoka siku ya mwisho, na hiyo ndiyo inakuwa siku yangu ya mwisho. Majibu ya madai ni siku 21 tangu kupokea wito, basi yawe yameingia ifikapo siku ya 14. Rufaa ya Mahakama Kuu kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ni siku 45. Taarifa ya kukata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30. Rufaa ya madai kutoka mahakama ya wilaya kwa shauri lililoanzia hapohapo ni siku 90, na hizi 90 ndizo zinazolewesha watu wakajisahau kabisa.

Hapo pia kuna mtego wa kuchagua mahakama. Shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, likasikilizwa rufaa wilayani, likitakiwa kwenda Mahakama Kuu lina siku 30 tu, na sheria inataka rufaa hiyo ifunguliwe kwenye mahakama ya wilaya iliyotoa uamuzi. Ukichagua Mahakama Kuu moja kwa moja unajitafutia pingamizi. Vilevile usichague Tabora kwa mazoea ya zamani, wala usisajili mgogoro wa shamba chini ya madai ya kawaida wakati aina ya ardhi ipo.

Sasa hati zenyewe. Ningekuwa na nafasi ya kusema jambo moja tu, ningesema la muhuri wa kamishna wa viapo, yule anayekuapisha kwenye kiapo cha maandishi. Mihuri mingi ni ya wino wa bluu au zambarau, na mara nyingi inagongwa juu ya saini. Skana za steshenari nyingi zimewekwa kwenye nyeusi-na-nyeupe tupu ili faili liwe dogo. Kwa mpangilio huo mashine inaamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, na wino uliofifia unaangukia upande wa nyeupe. Matokeo yake kiapo kinaingia kwenye mfumo na saini inaelea peke yake: muhuri haupo, au lipo nusu duara lisilosomeka jina. Karatasi mkononi ni nzima, faili halifai. Mwambie kijana wa steshenari aweke rangi ya kijivu, nukta 200 kwa inchi. Kurasa zenye mihuri skani kwa rangi, nukta 300. Kisha fungua faili pale pale kabla hujamlipa, kuza ukurasa wa mwisho, usome jina la kamishna, mahali na tarehe ya kuapa. Visiposomeka, rudia.

Ukubwa wa faili unapungua kwa kuchagua cha kuskani. Hati uliyoichapa mwenyewe kwenye Word, ukiigeuza PDF moja kwa moja, kurasa kumi kwa kawaida hazifiki hata kilobaiti 300. Ukurasa mmoja tu wa rangi kwa nukta 300 unaweza kufika megabaiti nzima. Kwa sababu hiyo wapo wanaoskani ukurasa wa saini peke yake na kuuunganisha na kurasa za Word. Kwenye kiapo sikubaliani nao hata kidogo. Kiapo kilichoapwa kiskaniwe chote, ukurasa hadi ukurasa, asije mtu akauliza kama kurasa za kati ndizo zilizokuwa mbele ya kamishna. Picha za simu ziwe njia ya mwisho: kivuli cha mkono, ukurasa uliolala ubavu, na kila picha megabaiti tatu au nne.

Majina yafuate hukumu inayokatiwa rufaa, herufi kwa herufi. Kama hukumu imeandika jina vibaya, usilisahihishe kimyakimya kwenye fomu. Chini ya hati andika nani ameiandaa na anwani yake, hata kama ni mdaawa mwenyewe. Kiswahili kinakubalika, maana tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Asiye na wakili asiogope kuandika kwa lugha anayoimudu.

Malipo kwa simu au benki ni mepesi. Kabla ya kuweka namba ya siri, linganisha jina na kiasi na kilichoandikwa kwenye bili. Ukilipa na mfumo bado unasema hujalipa, usilipe mara ya pili. Tunza ujumbe wenye namba ya muamala, subiri, kisha wasiliana na masjala. Na usirudie kuwasilisha kwa sababu ukurasa umeganda. Toka, ingia upya, angalia orodha ya ulichowasilisha, kwa sababu maombi mawili yanayofanana yanawachanganya wakaguzi na yanakuchelewesha wewe.

Mfumo ukizima siku ya mwisho, kanuni ya 24 ya Kanuni zilezile za 2018 inaruhusu kuomba nafuu bila maombi rasmi, lakini lazima uwe na cha kuonyesha. Piga picha ya skrini yenye ujumbe wa hitilafu pamoja na saa na tarehe ya kompyuta, na kesho yake asubuhi umwandikie Msajili, au hakimu mfawidhi kama ni mahakama ya chini. Bando kuisha na umeme kukatika nyumbani kwako si hitilafu ya mfumo. Picha hizo zikija kutumika kwenye maombi ya kuongezewa muda, kiapo kieleze zilipigwa kwa kifaa gani, na nani, lini, na zimetunzwaje. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaangalia hayo.

Nakala halisi za vielelezo usizitupe eti kwa kuwa zimeshapakiwa. Kiambatanisho cha hati ya madai si ushahidi mpaka kitolewe na kupokelewa mahakamani, na siku hiyo utaulizwa karatasi yenyewe.

Namba ya shauri ikitoka, ingia tena siku ileile. Angalia majina, mahakama na aina ya shauri kama yalivyosajiliwa, na namba ya simu ya kupokelea taarifa. Kosa lolote liandikie masjala kabla wito haujatoka.