Miezi kumi katika programu ya vijana na wazee: tathmini yangu

Kwa miezi kumi nimekuwa nikimpeleka mama yangu, mwenye umri wa miaka 78, kwenye programu inayowakutanisha wazee na wanafunzi wa sekondari mara moja kwa wiki. Mimi ndiye niliyejaza fomu, niliyeketi nyuma ya ukumbi katika vikao vya mwanzo, na niliyemsikiliza akisimulia njiani kila tuliporudi, kwa hiyo naona ni wajibu wangu kueleza huduma hii ina thamani gani. Waandaaji sitawataja, kwa sababu nitakayoyasema kuhusu miezi ya mwanzo si mazuri, na kwa sababu anayetafuta programu ya namna hii, popote alipo, atafaidika zaidi akijua mambo ya kuangalia kuliko akijua mimi nilikwenda wapi.

Miezi mitatu ya kwanza haikuwa na faida. Wazee walipangwa kwenye viti kandokando ya ukuta, vijana wakaingia kwa kundi, wakaimba, wakasoma mashairi, wakagawa kadi walizozichora, wakapigwa picha na kuondoka. Wiki iliyofuata lilikuja kundi jingine, nalo likafanya hayohayo. Mama alipiga makofi kila mara, lakini katika wiki ya tano aliniuliza, bila hasira, kama wale watoto walikuwa wameletwa kumwona yeye au kuuona uzee. Sikuwa na la kumjibu, maana hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa amemwuliza jina, wala yeye hakulijua la yeyote kati yao.

Kosa hilo lina maelezo ya muda mrefu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza kwamba kukutana peke yake hakuondoi dhana mbaya kati ya makundi mawili. Kunahitajika watu wawe na hadhi sawa wanapokutana, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka waunge mkono ushirikiano huo. Allport alikuwa akiwaza zaidi ubaguzi wa rangi na wa dini, lakini masharti yake yanaufaa uzee bila kubadilishwa hata neno. Katika vikao vyetu vya mwanzo, upande mmoja ulikuwa mtoaji na wa pili mpokeaji, na mpokeaji hakupewa nafasi ya kurudisha chochote. Mzee anayepokea tu huchoka, hata kama anachopewa ni kizuri.

Mwezi wa nne alikuja mratibu mwingine, na hapo ndipo programu ilipopata uhai. Aliwahoji wazee mmoja mmoja kuhusu kazi walizofanya maishani, akawahoji vijana kuhusu walichotaka kujifunza, kisha akawapanga katika vikundi vidogo ambavyo havikubadilishwa hadi mwisho wa mwaka. Mama, aliyekuwa fundi cherehani kwa zaidi ya miaka arobaini, alipewa wasichana wawili wa miaka kumi na sita na kazi iliyokuwa ikihitajika kwelikweli: kushona mapazia ya maktaba ya shule yao. Macho ya mama hayaoni tena tundu la sindano, na wasichana hawakujua kukunja pindo likalala. Wao wakamtungia uzi, yeye akawaongoza vidole. Katika wiki ya tatu ya kazi hiyo aliwafumulia mshono wote wa pazia la kwanza kwa kuwa ulikwenda upande, nao wakakubali kuanza upya. Nilipoliona hilo nilijua kwamba hawamchukulii tena kama mgonjwa wa kuliwazwa. Kwa upande wao, wamemfundisha kurekodi na kutuma ujumbe wa sauti kwa simu, na sasa anazungumza na kaka yake karibu kila siku. Wao humwita Bibi, yeye huwaita wajukuu zangu, na hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Jambo ninalolisifu kuliko yote ni maandalizi, ingawa mgeni wa siku moja hawezi kuyaona. Kabla ya vikundi kuanza, vijana walifundishwa kuketi mbele ya mzee, mahali ambapo mwanga unaangukia nyuso zao ili aweze kuwasoma midomo, kuzungumza polepole badala ya kupaza sauti, kuuliza swali moja na kusubiri jibu, na kutomsahihisha anayerudia hadithi au anayechanganya miaka. Wazee nao waliandaliwa: waliombwa wasiwageuze vijana wasikilizaji wa mawaidha, wasiwahoji kuhusu alama za mitihani, na wakubali kufundishwa. Programu nyingi huandaa upande mmoja tu, kana kwamba wazee hawana dhana zao kuhusu vijana wa leo, na naamini mengi huharibika kwa sababu hiyo.

Nimelinganisha niliyoyaona na ninayoyafahamu kuhusu programu zenye sifa duniani. Huko Deventer, nchini Uholanzi, makao ya wazee ya Humanitas huwapa wanafunzi wa chuo kikuu vyumba bila kodi, nao hutoa saa 30 kwa mwezi za kuwa majirani wema kwa wakazi. Huko Baltimore, Marekani, programu ya Experience Corps iliwapeleka watu wa miaka 60 na kuendelea katika shule za msingi kwa saa 15 kwa wiki, wawasaidie watoto kusoma. Huko Seattle kituo cha kulelea watoto wadogo kimekuwa ndani ya makao ya wazee tangu 1991, na watoto huwamo siku tano za wiki. Ukizipima saa hizo utaona kwamba kikao chetu kimoja cha saa moja na nusu kwa wiki ni kidogo sana. Nimewaambia waandaaji hivyo kwa maandishi.

Kasoro nyingine ni mbili, na moja kati yake ni nzito. Ile nyepesi ni ukumbi: sakafu tupu na dari ya juu huifanya kila sauti irudi, kwa hiyo wazee watatu wanaotumia vifaa vya kusikia hushindwa kufuata mazungumzo vikundi vyote vinapozungumza pamoja. Chumba kidogo chenye zulia kingetosha. Ile nzito ni likizo. Shule zilipofungwa, programu ilinyamaza kwa wiki sita bila barua, bila simu na bila maelezo kwa wazee, na mzee mmoja wa kundi la jirani alisadiki kwamba vijana wamemkinai. Kumzoesha mtu mpweke uhusiano kisha kuukata ghafla ni kumwumiza zaidi ya pale ulipomkuta, na mpango wa likizo ulipaswa kuandikwa kabla ya kikao cha kwanza.

Kuhusu usalama sina malalamiko. Rekodi za washiriki hukaguliwa, hakuna anayeachwa peke yake na mwenzake katika chumba kilichofungwa, na zipo kanuni zinazoeleweka kuhusu fedha na nywila za simu.

Programu hii ningempendekezea mzee anayeweza kukaa na watu saa nzima na ambaye bado ana kitu anachotamani kukifanya kwa mikono au kukieleza kwa maneno. Kwa mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uliokwisha kukua, ningetafuta kwanza ile yenye wahudumu waliofunzwa kwa ajili hiyo, maana yetu haina. Na kwa yeyote anayekwenda kuuliza, ningeshauri aulize swali hili kabla ya mengine: wiki ya kumi mzazi wangu atakuwa ameketi na nani? Wakishindwa kulijibu, miezi yetu mitatu ya mwanzo ndiyo inayomngoja.

Fomu ya mwaka ujao nimekwisha kuijaza, na katika nafasi ya maoni nimeomba mambo matatu: saa ziongezwe, mawasiliano ya likizo yapangwe, na mama abaki na wasichana walewale. Hilo la tatu halitawezekana lote, kwa kuwa mmoja wao anahamia shule nyingine. Yamebaki mapazia manne, na mama ameshaanza kuuliza ni nani atakayemshikia ncha ya pili ya kitambaa.