Mkebe wa hisabati wa 3,000: rula safi, bikari kimeo

Nimeununua Majengo, hapa Dodoma, kwenye duka la vifaa vya shule. Binti yangu yuko kidato cha tatu, mkebe wake wa zamani aliusahau kwenye daladala. Rula haina neno, imenyooka, na milimita zake zinalingana na za guni langu, kile kifaa cha seremala cha kupimia pembe mraba. Kifutio kinapaka weusi tu. Shida ni bikari.

Jioni ya kwanza alikuwa na swali: duara la nusu kipenyo sentimita 5, ndani yake pembetatu ambayo ncha zote tatu zinagusa duara. Upande mmoja ndiyo kipenyo, mwingine sentimita 6. Achore, apime wa tatu, atafute eneo. Akapata 22.8. Kitabu kinasema 24. Akafuta, akachora tena, wapi.

Mimi ni seremala, shule niliishia la saba. Lakini meza za duara nimetengeneza nyingi: kona yoyote ya ukingoni inayotazama kipenyo lazima iwe pembe mraba. Nikaweka guni. Mstari mmoja ukalikimbia.

"Baba, kwani hili si duara?"

Si duara. Nilichora mwenyewe taratibu, mwisho haukurudi ulikoanzia, penseli imeingia ndani milimita tatu hivi. Kiungo cha juu kimepigwa ribiti tu, hakina skrubu ya kukaza, kwa hiyo ukikandamiza kidogo miguu inajifunga. Ndiyo maana upande uliotakiwa kuwa 8 ulisoma 7.6.

Nikachukua kipande cha plaiwudi, msumari huku, tundu la penseli kule, sentimita 5 kati yake. Tukapata 8. Nusu ya 6 mara 8, 24. Naye akanionyesha njia yao nyingine: zidisha pande zote tatu, 480, gawanya kwa nusu kipenyo mara nne, yaani 20. Ikaja 24 ile ile. Hiyo nimeipenda, maana inafanya kazi hata kama kona si ya mraba.

Dukani nikaambiwa, "Mzee, kikishatumika hatubadilishi." Sikugombana. Nikatoa 4,500 nyingine, bikari ya chuma yenye kigurudumu cha kukazia katikati ya miguu, na kabla ya kulipa nikazungusha mara tatu nyuma ya risiti. Mistari ikalaliana.

Ile ya mkebe iko karakana, nakwangulia gundi iliyokauka.