Yomihajimeru na tobikomu: neno moja au sentensi iliyojificha ndani ya neno?

Kwa macho tu hivi vitenzi vya Kijapani utasema ni mapacha, yomihajimeru (kuanza kusoma) na tobikomu (kurukia ndani), vyote ni vitenzi viwili vimegandana na cha nyuma ndo kinabeba wakati, ukitaka uliopita unasema yomihajimeta, tobikonda. Ila vibane kidogo uone.

Mtihani ninaoupenda ni wa kutendwa. Yomu unaigeuza kwanza iwe yomareru, kusomwa, halafu unagandisha hajimeru, unapata yomarehajimeta, yaani kitabu kilianza kusomwa, freshi kabisa. Sasa chukua kakikomu, ndugu yake tobikomu, ile ya kujaza maandishi kwenye fomu, uweke kutendwa katikati useme kakarekomu, hapo Mjapani anakataa papo hapo, kutendwa lazima kukae mwisho, kakikomareru. Hata soo suru, "kufanya hivyo", ukiiweka badala ya kitenzi cha kwanza (suru inageuka shi) inawatenganisha: soo shihajimeru sawa, soo shikomu hapana.

Mwanaisimu Kageyama Taro mwaka 1993 aliita kundi la kwanza, la kina yomihajimeru, la kisintaksia (linaundwa kwa kanuni za sentensi) na la pili, la kina tobikomu, la kileksika (linakaa kwenye msamiati kama neno zima), na mi naona yuko sahihi, maana -hajimeru au -tsuzukeru (kuendelea) unaibandika karibu popote na maana haiyumbi, wakati kundi la pili unakariri moja moja, kwa mfano ochitsuku ni kuanguka na kunata lakini maana yake ni kutulia!

Kinachonikosha zaidi ni kwamba hata yomihajimeru yenyewe, pamoja na usentensi wake wote, huwezi kuchomeka sae (hata) katikati, yomi sae hajimeru haisemeki, kwa hiyo hapo inajibeba kama neno moja.