Mashine ya milingi iliyopakwa rangi hadi kwenye matundu ya oili

Rangi ni nzuri, sikatai. Kijivu cha kung'aa, ukiiona kwa mbali utadhani imetoka kiwandani leo. Tatizo ni kwamba aliyeipaka hakuchagua pa kupita. Amepaka kibao cha jina. Amepaka vichwa vya skrubu. Amepaka juu ya grisi kuukuu ambayo hakuna aliyejisumbua kuifuta, kiasi kwamba ukikwangua kwa ukucha rangi inatoka na tope lake. Na amepaka matundu ya oili, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto kichwani.

Mashine yenyewe, ya kukatia chuma kwa kisu kinachozunguka, ni nakala ya Bridgeport, ile ya Kimarekani ya kichwa kinachoinama na goti linaloipandisha meza na kuishusha. Bridgeport ya kwanza iliuzwa mwaka 1938 na umbo lake limeigwa sana, kwa hiyo mtu mwenye karakana ya nyumbani ana sababu ya kuitafuta: koleti za R8, yaani vishikio vya kisu vinavyoingia humo, zinapatikana, visu vinapatikana, hata vipuri vya nakala mara nyingi vinaingia. Sina ugomvi na umbo. Ugomvi wangu ni na muuzaji.

Nilipofika nilimwomba jambo moja tu: aniachie niizungushe meza kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Meza ameisukuma mpaka pembeni kabisa, ameikaza, na jiliwa zito limefungwa juu yake. Akasema hapana, ameshaiweka tayari kwa kubebwa. Badala yake akawasha mota. "Sikia hiyo, mzee. Kama mpya." Mota! Mota inaweza kuimba vizuri huku meza imekwisha kabisa. Nikatoa dayo geji, kipimo cha sindano kinachoonyesha hata mchezo mdogo sana, akacheka mbele ya vijana wake. "Mzee, hii ni mashine ya kukata chuma, si saa ya mkononi."

Wale vijana nao wakacheka. Na muuzaji mwenyewe ni kijana ambaye ningeweza kumzaa.

Sasa, asiyezoea hizi mashine aelewe kwa nini alikataa. Skrubu inayovuta meza haichakai sawasawa. Kazi nyingi hufanyika katikati, kwa hiyo nyuzi za katikati ndizo zinazoliwa, na kwenye ncha zinabaki nono. Ukiipima pale pembeni alipoikazia, inaonekana haina kasoro. Yule bwana alijua. Huwezi kuniambia hakujua.

Basi kwa nini nilinunua? Kwa sababu ya spindeli, ule mhimili unaozungusha kisu. Hiyo hakunizuia kuipima, labda aliona haina hatari kwake. Niliingiza sindano ya dayo ndani ya tundu la R8, nikaizungusha kwa mkono, na sindano karibu haikutikisika. Beringi nzuri namna hiyo kwenye mashine ya mtumba huziachi. Skrubu na nati hubadilishwa. Spindeli iliyochoka ni msiba mwingine.

Ilipofika nyumbani nikailegeza meza na kuileta katikati. Kila alama kwenye pete ya hendeli ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Nikageuza hendeli kurudi nyuma: alama 40 zikapita kabla meza haijasogea. Kwenye ncha, alama 8. Katika hali hiyo usithubutu kukata kwa kufuata mzunguko wa kisu, maana kisu kinaidaka kazi, meza inaruka pengo lote hilo mara moja, na ukibahatika kinavunjika kisu tu.

Lakini hata hilo ningelimsamehe. Skrubu huchakaa, ndiyo maisha ya mashine. Nisilomsamehe ni oili. Kikombe cha pampu alikijaza oili mpya, safi, inayopitisha mwanga. Nilipovuta mkono wa pampu, hakuna hata tone lililofika kwenye njia ambamo meza huteleza. Nikafungua. Mirija imeziba, mafuta ya zamani yameganda ndani kama ulimbo, na matundu mengine ya kujazia kwa mkono yamezibwa na rangi yake ya kijivu. Maana yake aliijaza ili mnunuzi aone kikombe kimejaa. Oili ya maonyesho! Mtu anayefanya hivyo anajua hasa oili ni ya nini, na bado anafanya.

Matengenezo yaliyobaki hayana kisa. Mirija niliisafisha kwa mafuta ya taa na hewa, vile vizibo vidogo vinavyogawa oili nikavibadilisha vyote. Kabari za meza, zile zinazoizuia isicheze kwenye njia zake, nikazitoa, nikazifuta, nikazirudisha na kuzikaza kidogo kidogo. Mota ni ya fezi tatu, kwa hiyo nimeweka inveta, kifaa kinachoipa mota fezi tatu kutoka umeme wa nyumbani, na waya wake unakwenda moja kwa moja kwenye mota. Swichi ya zamani iliyokuwa katikati nimeitoa, maana kukata umeme kati ya inveta na mota ikiwa kazini kunaweza kuiua inveta. Nati ya shaba inayopanda kwenye skrubu ya meza niliikaza hadi pale meza ilipoanza kugoma kwenye ncha, nikairegeza kidogo. Katikati bado inacheza, na haiwezi kuacha mpaka skrubu mpya ifike.

Ningesema usinunue. Nilishaandika hivyo kabisa, nikafuta. Maana juzi nimepitisha kisu kipana juu ya kipande cha chuma, baada ya kunyoosha kichwa kwa dayo, na uso uliotoka ni laini hivi kwamba nilikiweka mezani nikawa nakigeuzageuza tu. Mashine hii ni nzuri. Nyota nne, na skrubu mpya ikiingia nitaongeza ya tano.

Muuzaji sina nyota ya kumpa. Nilimtumia picha ya ile mirija iliyoziba, nikamwandikia kwa adabu kabisa: mdogo wangu, hii uliiona? Akajibu kwamba ana nati na skrubu za mashine hiyo hiyo, mpya, amezihifadhi, niseme tu lini nakwenda kuchukua.