Linux Mint kwenye steshenari yangu: imenifaa, na haya ndiyo ninayoyaomba kwenye toleo lijalo

Nina steshenari ndogo Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Kompyuta ni nne, zote za mezani na zote za mtumba: prosesa za Core i3 za kizazi cha 3, RAM ya GB 4 kila moja. Mbili nimezitoa diski za zamani nikaziwekea SSD, zile diski mpya za kasi, za GB 120. Siku ya kawaida kila mashine inakaliwa na watu kumi na zaidi. Huyu anachapa barua ya kazi, yule anaskani vyeti, mwingine anajaza maombi ya mkopo wa chuo, na msimu wa mkopo ukifika foleni inatoka hadi barazani.

Nilihamia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, wa jamii ya Linux, mwanzoni mwa 2025. Windows 10 ilikuwa inakaribia mwisho wa msaada wake, tarehe 14 Oktoba mwaka huo, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa Intel zinaanzia, kwa sehemu kubwa, kizazi cha 8. Zangu hazimo. Kununua mashine nne nyingine sikuweza, na kuwaachia watu waweke vyeti vyao kwenye mfumo usiozibwa tena matundu ya usalama sikutaka. Mpwa wangu akaniletea toleo la 22, lile liitwalo Wilma, kwenye flashi. Lilitoka Julai 2024, limejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na litapata masasisho hadi 2029. Nilichagua lenye eneokazi la Xfce kwa sababu ni jepesi. Mashine ikiwaka bila kufunguliwa kitu inakula RAM ya GB 1 hivi, na zile mbili zenye SSD zinawaka kabla mteja hajamaliza kuvuta kiti.

Nianze na lililonifurahisha kuliko yote, maana wenye steshenari wenzangu watanielewa: flashi. Kila siku naletewa flashi ambayo mafaili "yamepotea", yamebaki yale ya njia ya mkato tu. Vile virusi vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Vinayaficha mafaili ya mtu na kuweka badala yake kitu cha kubofya. Nikichomeka flashi hiyohiyo kwenye Mint, mafaili yaliyofichwa yanaonekana yote, kwa sababu Linux haitilii maanani ile alama ya kuficha, na kirusi chenyewe kinakaa pale hakina la kufanya. Nimewarudishia watu tasnifu nzima kwa njia hii. Kuna mama alikuja na picha za mazishi ya baba yake, amekata tamaa, akaondoka nazo zote. Ombi langu hapa ni dogo. Mint inakuja na kifaa cha kufomati flashi, lakini kufomati ni kufuta kila kitu. Nipeni kitufe cha pili kinachosema "safisha": kiondoe kirusi, kiache mafaili, kirudishe majina.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mifumo ya kompyuta, karibu yote, imetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye kompyuta yake na umeme usiokatika. Kwangu hakuna hata kimoja. Mwanzoni nilikuwa na akaunti moja ambayo wateja wote waliitumia. Jioni nikifunga nakuta kwenye eneokazi vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, vyeti vya kidato cha nne, barua za talaka, matokeo ya hospitali. Siku moja dada mmoja aliacha barua pepe yake wazi, na kijana aliyekaa baada yake akaanza kuisoma. Niliona aibu kana kwamba nimeisoma mimi.

Mint ina dawa ya hilo. Kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia kuna sehemu ya kuruhusu akaunti ya mgeni. Mteja anaingia bila neno la siri, anafanya kazi yake, akitoka kila alichokiacha kinafutwa: mafaili, historia ya kivinjari, kila kitu. Tangu niiwashe silali na vyeti vya watu. Kama una steshenari na hujaiwasha, iwashe leo.

Lakini akaunti ya mgeni haitofautishi mteja aliyetoka na umeme uliokatika. Mwezi Agosti, saa nane mchana, kijana wa chuo alikuwa ameandika kurasa sita za ripoti ya mafunzo kwa vitendo. Giza. UPS, betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika, ninayo moja tu, na iko kwenye mashine ya printa. Umeme uliporudi baada ya nusu saa alisimama pembeni yangu wakati mashine inawaka, akaniuliza taratibu, "Dada, kazi yangu ipo?" Haikuwepo. Kwenye akaunti ya kawaida LibreOffice, programu ya kuandikia, huweka akiba ya dharura kila baada ya dakika 10, na mimi yangu nimeipunguza hadi 2, lakini kwa mgeni akiba hiyo nayo inafutwa pamoja na makazi yake ya muda. Sikumtoza. Alikaa akaandika upya mpaka nafunga, na kila baada ya aya moja anahifadhi kwenye flashi yangu niliyomwazima.

Nimelifikiria sana tangu siku hiyo, na ninachokitaka nakijua. Mgeni akiingia, mfumo umpe namba fupi, tarakimu nne au sita, aandike kwenye karatasi au kwenye simu. Kazi yake ifungwe kwa namba hiyo, hata mimi mwenye duka nisiweze kuifungua. Akitoka mwenyewe, ifutwe papo hapo kama ilivyo sasa. Mashine ikizimika ghafla, kazi ibaki kwa saa mbili au tatu, au muda wowote nitakaoupanga mimi. Mwenye namba akirudi aikute palepale alipoishia, hata akikalia mashine nyingine dukani. Muda ukipita, ifutwe. Faragha ya yule dada ibaki, na kurasa sita za yule kijana zibaki. Likija hili peke yake, mengine yote ninayoyaandika hapa naweza kuyasubiri.

Masasisho. Naipenda Mint kwa kuwa hainilazimishi. Kidhibiti chake cha masasisho kinaniambia kuna nini na kina uzito gani, na mimi ndiye ninayesema sasa au baadaye. Hakuna aliyewahi kusimamishwa katikati ya maombi yake ya mkopo ili mashine ijisasishe. Shida ni bando. Mashine nne zinashusha kitu kilekile mara nne. Kerneli (kiini cha mfumo) ikitoka na kivinjari kikatoka wiki hiyohiyo, mamia ya MB yanazidishwa kwa nne, na intaneti yangu ni ya kununua kwa kipimo. Mwanafunzi mmoja wa kompyuta alinifungia programu iitwayo apt-cacher-ng kwenye mashine ya printa. Mashine moja inashusha, nyingine zinachota kwake, na imefanya kazi vizuri hadi leo. Ila aliifunga kwa kuandika amri kwenye ule ukurasa mweusi, na ikiharibika mimi sina pa kuanzia. Kwa nini isiwe swichi ndani ya kidhibiti chenyewe? Mint hii hii inakuja na Warpinator tangu toleo la 20, programu inayozitambua mashine zote za mtandao mmoja na kupitisha mafaili kati yake bila kula hata senti ya bando. Ujuzi wanao tayari. Wauhamishie kwenye masasisho.

La saa sijawahi kusikia mtu akiliomba, na sisi tunaotumia Kiswahili ndio wa kuliomba. Kwenye kona ya skrini imeandikwa 10:00. Sisi tunasema saa nne. Wengi wetu tumezoea kutafsiri kichwani, lakini si wote, na anayekosea ni yule ambaye hapaswi kukosea. Mwaka jana binti mmoja aliletewa ujumbe wa usaili kwa njia ya video, saa 10:00. Mama yake ndiye aliyeusoma. Walikuja dukani saa tisa na nusu alasiri, wamevaa vizuri, wamejiandaa mapema kabisa. Usaili ulikuwa umepita tangu asubuhi. Mama aliniuliza, "Mwanangu, si imeandikwa saa kumi?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, imeandikwa kumi, ila hiyo ni yao." Sikupata la kuongeza.

Nilijaribu kujitengenezea. Saa ya Afrika Mashariki ukitoa saa sita unapata saa ya Buenos Aires, basi nikaiambia mashine moja kwamba tupo Argentina. Saa moja asubuhi ikasoma 1:00, saa nne ikasoma 4:00, nikafurahi siku nzima. Jioni nikagundua kila faili limeandikwa muda wa nyuma kwa saa sita, na barua pepe zilizofika asubuhi zinaonekana za usiku. Nikarudisha. Kwa hiyo ninachoomba ni saa ya kuonyesha tu: ndani mashine ibaki na muda wake, kwenye skrini iandike "saa 4:00 asubuhi", na ukiigusa ikuonyeshe na 10:00 pembeni. Mpangilio wa sasa unaniruhusu kubadilisha mtindo wa kuandika tarehe na saa, hauniruhusu kuhesabu kuanzia macheo.

Kuhusu lugha yenyewe, nilipochagua Kiswahili menyu zilikuja mchanganyiko, neno la Kiswahili likifuatwa na la Kiingereza. Hilo sitalinung'unikia kwa sababu tafsiri ni kazi ya watu wanaojitolea, na nimeanza kutafsiri maneno machache mwenyewe usiku. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Kinachonikwaza zaidi ni kikagua tahajia. Kamusi ya Kiswahili ipo kwenye LibreOffice na ninaitumia, lakini vitenzi vyetu havimalizwi kwa orodha. Andika "hawajatuandikia" au "atakayeniandikia" uone mstari mwekundu. Mteja anaona mstari anadhani mimi ndiye nimekosea kuchapa. Kinatakiwa kikagua kinachojua kuvua viambishi hadi kufika kwenye mzizi, kisha kiamue.

Printa zangu mbili zilitambuliwa zenyewe. Ya tatu, ndogo ya leza, ilidai faili la nyongeza kutoka intaneti kabla haijachapa hata ukurasa mmoja, na siku hiyo bando lilikuwa limeisha. Mafaili ya namna hiyo yangewekwa kwenye flashi ya kusakinishia pale inaporuhusiwa. Timeshift, programu inayorudisha mfumo kwenye hali ya siku za nyuma, nayo naisifu kwa neno moja: fundi aliwahi kufunga draiva isiyofaa, skrini ikawa nyeusi, nikairudisha mashine kwenye hali ya juzi yake kwa dakika ishirini bila kupoteza kazi ya mtu.

Kwa jumla naipa nyota 4 kati ya 5. Mashine ya tano inakuja mwezi ujao, ya mtumba kama wenzake, na itawekewa Mint Xfce hiyohiyo. Mpaka akaunti ya mgeni yenye namba itakapokuja, nimebandika karatasi juu ya kila skrini: "Ndugu mteja, hifadhi kazi yako kwenye flashi kila baada ya aya moja. Kama huna flashi, omba ya dukani, ni bure."