Banda la vitabu vya mtumba Majengo, nimetoka na cha waliokufa wakarudi (nyota 4)

Wa Dodoma mnaopenda kusoma, kuna banda la vitabu vya mtumba maeneo ya Majengo (mtumba wa kuuzwa jamani, sio Mtumba ya wizara), halina hata kibao, mzee kapanga vitabu juu ya turubai na kutwa nzima anapangusa vumbi maana upepo wetu mnaujua. Nilienda kutafuta kitabu cha hesabu cha dogo nikaondoka na cha Raymond Moody, yule Mmarekani aliyetoa mwaka 1975 simulizi za watu waliokata roho wakarudi. Mzee kaanzia elfu kumi, nikamwambia mzee wangu hiki hakina hata jalada, akacheka, tukamalizana kwa sita.

Siku mbili nimekimaliza. Watu wanaelea juu ya kitanda wanawaona manesi wanahangaika na mwili wao, afu handaki kama yale ya SGR ukifika Kilosa, afu mwanga, na ndugu waliotangulia wamekuja kupokea. Nilichompendea Moody, anasema wazi kwamba hathibitishi kuna maisha baada ya kifo.

Sasa utamu wa kopi yangu ni kwamba mwenyewe wa kwanza kaandika penseli kila mahali, nahisi ni mwanafunzi wa udaktari UDOM huyo. Penye handaki kaandika "OKSIJENI" kapiga mistari miwili chini, yaani ubongo ukikosa hewa ndo unaona hayo. Nikabishana naye usiku kucha! Maana kule Uholanzi daktari wa moyo Pim van Lommel na wenzake walifuatilia wagonjwa 344 waliosimama moyo wakarudishwa, majibu yakatoka 2001, wenye cha kusimulia walikuwa 62 tu, sa kama ni hewa hao 282 mbona moyo uliwasimama vilevile na hawakuona kitu? Ila na mimi sijashinda, kina daktari Sam Parnia waliweka picha kwenye shelfu karibu na dari mahospitalini, ambazo ungeziona tu kama kweli unaelea, na ripoti yao ya 2014 hakuna hata mmoja aliyezitaja, japo wengi moyo uliwasimamia sehemu zisizo na shelfu. Yaani sare.

Bibi yangu wa Mpwapwa alizimia na homa mpaka watu wakaanza kulia. Alivyozinduka akasema kamkuta kaka yake marehemu anachunga mbuzi, akamfukuza na fimbo, "rudi, umeacha mlango wazi." Handaki hakuna, mwanga hakuna. India nao wapo waliosimulia kwamba wajumbe wa kifo walikosea jina wakawarudisha, kama faili limeenda dawati lisilo lake. Hapo nikaanza kumwelewa wa penseli, kila mtu kule anakuta vya kwao. Lakini Marekani, India, Mpwapwa, wote wanaambiwa rudi, mbona? Nikawaza mpaka nikajicheka, si kwa sababu ambao hawakuambiwa hawajaja kutusimulia!

Nyota moja nimekata kwa sababu gundi imekufa, kurasa zinadondoka, nimezibana kwa stepla. Mzee hafungui kabla ya saa nne na chenji hana, ila kwa simu anapokea.

We uliyeandika oksijeni, kama unasoma hapa, pita palepale kwa mzee jumamosi. Kahawa nanunua mimi.